Barua kutoka Norfolk: Kukataa kwa Maandishi

Mjomba,

Ujumbe wako wa sauti nimeupata na swali lako nimelielewa: ni jeshi gani hilo ambalo askari anapewa amri, anakataa, anaachishwa kazi, kisha anakuja rais mwingine anasema warudi na walipwe? Umesema ulisikia redioni ukadhani msomaji amekosea. Hakukosea. Tarehe 27 Januari 2025 Rais Trump alitia saini agizo la kuwarudisha jeshini walioachishwa kwa kukataa chanjo ya korona, pamoja na malimbikizo ya mishahara kwa watakaokubali kurudi. Walioachishwa walikuwa zaidi ya 8,000.

Ningeweza kukujibu kwa sauti kama ulivyonitumia, lakini jambo lenyewe ni refu, na nyuma ya swali lako naona kuna jingine ambalo hukuliuliza. Dada ameshanieleza habari ya sindano ya mtoto shuleni. Nitaifikia. Kwanza niruhusu nikueleze ya huku niliyoyaona kwa macho, maana huu mji ninaoishi ni mji wa jeshi.

Norfolk ina kambi ya wanamaji kubwa kuliko zote duniani. Manowari zinazobeba ndege zinatia nanga hapa, na watu wa mtaani wanajua meli ipi inaondoka lini na ipi inarudi lini kama watu wa Msimbati, huko kwetu Mtwara, wanavyojua bamvua na maji mafu. Ukienda dukani ukakuta foleni ya wanawake wenye watoto wadogo na mabango ya kuchora kwa mkono, ujue kuna meli inaingia kesho. Wenzetu wa Afrika Mashariki wamo humo, Wakenya wengi kuliko sisi Watanzania. Mtu anakuja na kibali cha ukaazi, anajiunga na jeshi, na kwa kutumikia anapata uraia mapema kuliko mwenzake anayesubiri uraiani. Mimi, kama ujuavyo, kazi yangu ni kutunza wazee katika nyumba ya wazee.

Jirani yangu wa mlango wa tatu ni Mkenya, fundi wa mitambo ya meli. Yeye na mkewe ni Wakatoliki wa kweli, wa kuamka Jumapili alfajiri. Tulikuwa tunapikiana, mkewe akija kwangu anataka wali wa nazi na pweza, nikienda kwake nakuta muthokoi, chakula cha kwao. Mwaka 2021 walikuwa na watoto wawili na ujauzito wa tatu.

Tarehe 24 Agosti mwaka huo Waziri wa Ulinzi, Lloyd Austin, alitoa waraka kwamba kila mwanajeshi achanjwe. Siku moja kabla, chanjo ya Pfizer ilikuwa imepewa idhini kamili ya serikali, na jambo hilo lilikuwa na uzito, maana kabla ya hapo ilikuwa ikitumika kwa kibali cha dharura. Wanamaji walio kazini walipewa mpaka tarehe 28 Novemba. Asiyechanjwa, ataachishwa.

Sababu za jeshi, Mjomba, hazikuwa za kubuni. Machi 2020 korona iliingia ndani ya manowari iitwayo Theodore Roosevelt, ikiwa katika Bahari ya Pasifiki. Wanamaji wanalala vitanda vya ghorofa tatu, uso wa mmoja karibu ugonge kitanda cha mwenzake wa juu, njia ya kupita ni ya mtu mmoja kujibana. Katika watu karibu 4,800, zaidi ya 1,200 waliambukizwa na mmoja akafa. Nahodha wake, Brett Crozier, aliandika barua akiomba wanamaji washushwe meli haraka, barua ikavuja magazetini, naye akaondolewa kwenye uongozi wa meli. Kwa hiyo amri ya chanjo ilipokuja, hakuna baharia aliyeweza kusema hajui kwa nini.

Na mimi nilikuwa na sababu zangu. Katika ile miezi ya 2020 nilikuwa nikimwosha mzee asubuhi, jioni naambiwa kitanda chake kimeshatandikwa upya. Familia zilikuja kuaga kwa nje, wamesimama kwenye majani, wameweka viganja kwenye kioo cha dirisha. Chanjo ilipofika nilikunja mkono wa shati bila kusubiri kuitwa, na baada ya wiki kadhaa niliona vifo vikipungua mbele ya macho yangu. Baadaye serikali ya huku ilitulazimisha na sisi wafanyakazi wa afya, na Mahakama Kuu ya nchi ikaliruhusu hilo Januari 2022. Kwangu halikuwa lazima, nilikuwa nimeshachanja kitambo. Nakueleza haya ili ujue nilisimama upande gani.

Jirani yangu alikataa. Au niseme vizuri zaidi: walikataa. Amri ilikuwa ya mume peke yake. Mke si mwanajeshi, hakuna aliyemwandikia waraka. Lakini bima ya matibabu ni ya jeshi, posho inayolipa kodi ya nyumba ni ya jeshi, na mtoto aliyekuwa tumboni angezaliwa katika hospitali ya jeshi. Uamuzi wa namna hiyo hauwezi kuwa wa mmoja.

Mume aliniambia hivi: "Kambi ya mafunzo kule Great Lakes tulipangwa foleni tukachomwa sindano mkono huu na huu, sikuuliza hata moja ilikuwa ya nini. Hii nimeuliza." Alichouliza kilikuwa kuhusu seli zilizotumika maabara, ambazo asili yake ni mimba zilizotolewa miaka mingi iliyopita; baadhi ya chanjo zilijaribiwa kwa seli hizo, na ile ya Janssen ilitengenezwa kwa kuzitumia. Vatikani ilikuwa imekwisha kutamka Desemba 2020 kwamba Mkatoliki anaweza kuchanjwa bila kosa. Lakini Askofu Mkuu wa wanajeshi Wakatoliki wa Marekani, Timothy Broglio, naye alisema Oktoba 2021 kwamba ingawa chanjo inaruhusiwa, mtu asilazimishwe kinyume cha dhamiri yake. Jirani yangu alilishika neno hilo la pili.

Mke alikuwa na lake. Mwaka 2014 alikuwa msichana huko kwao Kenya, serikali ilipokuwa ikiwachanja wanawake wa miaka 14 hadi 49 dhidi ya pepopunda. Maaskofu Wakatoliki wa Kenya wakasema hadharani kwamba chanjo ile imetiwa homoni ya kuwafunga wanawake kizazi. Serikali ikakanusha, Shirika la Afya Duniani na UNICEF wakakanusha, mabishano yakaendelea. Yeye aliyasikia kanisani, kwa watu anaowaheshimu, na aliondoka kwao nayo. Alipokuwa na mimba ya tatu na mumewe akaletewa amri ya sindano, yale ya kanisani yalirudi yote, hata kama sindano yenyewe haikuwa ya kuingia mkononi mwake.

Nilibishana nao. Nilimweleza mke kwamba hata wajawazito walikuwa wakishauriwa wachanje, kwa kuwa korona ilikuwa ikiwaua. Nilimweleza mume juu ya wazee wangu. Walinisikiliza kwa adabu. Kisha mume akaniomba nimsaidie kusoma barua yake ya maombi ya kusamehewa kwa sababu ya dini, maana anajua Kiingereza changu cha kuandika ni kizuri kuliko chake. Nilikaa kwenye meza yao ya jikoni, watoto wakila viazi vya kukaanga upande mmoja, nikasahihisha ukurasa baada ya ukurasa wa hoja ambazo sikukubaliana nazo. Palikuwa na barua yenyewe, palikuwa na maelezo ya kasisi wa jeshi aliyemhoji kama imani yake ni ya kweli, na palikuwa na karatasi ya onyo ambayo lazima aisaini, inayosema anaelewa yatakayomfika. Aliisaini polepole, jina kamili, cheo, tarehe. Mkewe alikuwa amesimama nyuma yake, mkono begani.

Kilichokuwa mezani, Mjomba, hakikuwa kazi tu. Alikuwa amepata uraia kwa kupitia jeshi, na miaka yake ya utumishi ilikuwa haijafika mitano. Sheria ya hapa inasema aliyepata uraia kwa njia hiyo akiachishwa kwa cheti kibaya kabla ya kutimiza miaka 5 ya utumishi mwema, uraia wake unaweza kufutwa. Msimu ule wa 2021 hakuna aliyejua vyeti vitakuwa vya namna gani. Mwishoni mwa Desemba tu ndipo sheria ya bajeti ya ulinzi ilipoweka kwamba anayeachishwa kwa sababu ya chanjo hiyo peke yake apewe ama cheti cha heshima kamili au kile cha daraja la pili, chini ya masharti ya heshima. Uraia ukasalimika. Lakini hata cha daraja la pili kinamnyima mtu fedha za masomo ambazo jeshi huwalipia waliotumikia, na wengi hapa huingia jeshini kwa ajili ya fedha hizo. Kwa hiyo kati ya Septemba na Krismasi watu hawa wawili waliishi wakijua kwamba wanaweza kupoteza nyumba, bima, shule na nchi, na sahihi wakaitia. Mimi niliona wamekosea kuhusu chanjo na bado niliwaheshimu.

Jibu lilirudi mwanzoni mwa 2022: hapana. Na hapa ndipo lawama zangu zinapogeuka upande wa jeshi, kwa sababu hapana ile ilikuwa ya kila mtu. Kundi la makomando wa majini walikuwa wamekwenda mahakamani huko Texas, na tarehe 3 Januari 2022 Jaji Reed O'Connor aliwapa ushindi wa awali. Alieleza katika uamuzi wake kwamba maombi hupitishwa kwenye utaratibu wa hatua 50, na kwamba tangu hatua za mwanzo barua ya kukataa inakuwa imeshaandaliwa kwa mfano mmoja. Wanamaji walikuwa hawajamkubalia mtu yeyote ombi la dini kuhusu chanjo. Unaniuliza jeshi gani hilo askari anakataa amri. Mimi nakuuliza, kama jeshi lenyewe limemwekea askari mlango wa kuomba, fomu, kasisi na hatua 50, na nyuma ya mlango hakuna mtu anayesoma, hilo nalo ni jeshi gani?

Tarehe 28 Machi jaji huyo akapanua zuio lake hadi kwa wanamaji wote walioomba kwa sababu ya dini, karibu 4,000, jirani yangu akiwamo. Siku tatu kabla yake, hata hivyo, Mahakama Kuu ya nchi ilikuwa imesema kwamba nani apelekwe wapi ni kazi ya makamanda, na kama kamanda hataki mtu asiyechanjwa melini, mahakama isimwingilie. Kwa hiyo jirani yangu hakufukuzwa, na hakupanda meli. Fundi mzuri wa mitambo alikaa kwenye ofisi ya nchi kavu akikagua vitambulisho. Meli yake iliondoka bila yeye.

Kuna jambo moja ambalo halikuandikwa magazetini, nami naliona kubwa. Nafasi yake melini ilijazwa na mtu. Mtu huyo naye ana mke, naye ana watoto, na mke wake anakutana na mke wa jirani yangu dukani. Mwanamke mmoja alimwambia wazi, mbele ya rafu ya unga: "Mume wangu yuko baharini miezi yote hii kwa sababu ya dhamiri ya mume wako." Hakumjibu. Alikuja kwangu akalia, na mimi, niliyekuwa nimeshachanja na kumshauri, sikuwa na la kumwambia, maana yule mwanamke alisema kweli.

Mkataba wa jirani yangu ulipokwisha hakuongeza. Amri yenyewe ya chanjo ilifutwa tarehe 10 Januari 2023, baada ya Bunge kulazimisha katika sheria iliyotiwa saini Desemba iliyotangulia. Kwa hiyo katika wale 8,000 uliowasikia redioni jirani yangu hamo. Yeye yuko katika kundi la walioacha muda wao uishe. Agizo la Trump linawaruhusu hao pia kurudi, wakila kiapo kwamba waliondoka kwa sababu ya chanjo, lakini malimbikizo hawapati. Nilimuuliza kama atarudi. Alitikisa kichwa. Sasa anatengeneza meli akiwa raia, analala kwake kila usiku, na mtoto wa tatu ameanza kuongea Kiswahili kizuri kuliko wakubwa zake.

Usidhani Marekani imeanza jana kuwalazimisha wanajeshi kukingwa. George Washington mwenyewe, mwaka 1777, katikati ya vita vya uhuru, aliamuru askari wake wakingwe na ndui, maana ndui ilikuwa ikimwulia watu kuliko Waingereza. Na mwaka 1998 ilikuja sindano ya kimeta. Askari mamia waliikataa, wengine wakashtakiwa kijeshi, na Desemba 2003 Jaji Emmet Sullivan wa Washington akaizuia isilazimishwe, akisema haikuwa na idhini inayofaa kwa matumizi yale. Idhini ilikuja baadaye, na sindano ikaendelea. Mabaharia wa makamo wanaikumbuka. Jirani yangu aliisikia kwao, kwenye chumba cha mitambo, usiku wa zamu. Amri mpya inapotoka inawakuta watu wana kumbukumbu ya amri ya zamani, na aliye juu akidhani anazungumza na askari asiye na historia, hapo ndipo anapokosea.

Sasa turudi nyumbani, Mjomba, maana umeniambia kwamba jeshini kwenu hakukuwa na upuuzi kama huo. Amri ni amri. Naomba unikubalie nikukumbushe jambo, kwa heshima zote.

Unamkumbuka yule mama wa mtaa aliyekuwa akipita na kingatiba za matende na mabusha. Alikuwa na fimbo ndefu yenye alama. Anamsimamisha mtu ukutani, anampima urefu kwa fimbo, na kwa alama ya kichwa chako anajua vidonge vingapi vya ivermectin, pamoja na kile cha albendazole. Nilikuwepo alipokuja kwako. Ulisimama wima kama uko gwarideni. Ulivipokea, ukavitia mdomoni, ukanywa maji, ukamwambia ahsante mama, kazi njema. Alipoingia nyumba ya pili ulivitema nyuma ya banda la kuku, ukaniambia kwamba dawa isiyo na daktari huwezi kujua imetoka wapi. Kwenye daftari lake jina lako lina alama ya vyema. Na ni wangapi wengine pale mtaani waliofanya kama wewe? Daftari linasema watu wamemeza, wizara inahesabu kilichoandikwa daftarini, na mabusha bado yapo pwani yetu, wanaume wanayaficha ndani ya misuli.

Sikulaumu. Najua tulikojifunza kukataa kwa namna hiyo. Tulishawahi kukataa kwa wazi. Mwishoni mwa 2012 watu wa Mtwara waliandamana kwa amani kuhusu gesi ya Mnazi Bay, na kila kijana alikuwa na neno moja mdomoni: gesi haitoki. Sikumbuki wakati mwingine ambapo Mtwara ilizungumza kwa sauti moja kiasi kile, wa chama hiki na wa chama kile, msikitini na kanisani. Tarehe 22 Mei 2013, siku ya bajeti ya Wizara ya Nishati na Madini, redio zikatangaza kwamba bomba la kwenda Dar es Salaam litajengwa, mji ukawaka moto, na jeshi likaingia. Watu walikufa. Wengine walipigwa, wakaeleza jinsi walivyopigwa, na wewe ulikaa kwenye baraza ukiwa mstaafu wa jeshi lilelile, huongei na mtu. Mwaka 2015 gesi ilikuwa imeshafika Dar.

Mtu aliyejibiwa hivyo alipokataa kwa sauti, mara ya pili anakataa kimya. Ndiyo maana sikushangaa korona ilipokuja. Tulizoea haraka kusema ndiyo kwa kila kilichosemwa juu. Serikali iliacha kutangaza idadi ya wagonjwa mwaka 2020, hesabu ikiwa imeishia 509, nasi tukasema ndiyo, tukajifukiza nyungu. Januari 2021 Rais Magufuli alisema akiwa Chato kwamba chanjo hazifai, tukasema ndiyo. Alifariki Machi. Julai 24 zikapokelewa dozi zaidi ya milioni moja za Janssen, msaada wa Marekani hiyohiyo ambayo mwezi mmoja baadaye ingeanza kuwalazimisha wanajeshi wake, na Julai 28 Rais Samia akachanjwa mbele ya kamera Ikulu. Ilikuwa hiari. Tukasema ndiyo kwa hilo pia, na vituo vikakaa vitupu. Ilibidi wahudumu wawafuate watu mashambani na minadani, waongee nao mmoja mmoja, ndipo kuanzia 2022 idadi ikapanda kwa kasi. Hao wahudumu waliokaa chini ya mikorosho wakajibu maswali ndio walioifanya kazi, na sijaona bado mtu aliyewashukuru vya kutosha.

Na usije ukadhani nasema mtu akiaminiwa basi yatosha. Sisi wa kusini tunajua. Mwaka 1905 maji ya dawa ya mganga Kinjikitile wa Ngarambe yalikwenda kijiji kwa kijiji bila polisi wala waraka, watu wakayapokea kwa sababu yaliletwa na watu wao, na risasi za Wajerumani hazikugeuka maji. Makumi ya maelfu walikufa, wengi kwa njaa iliyofuata. Dawa lazima iwe ya kweli kwanza. Yule wa Ngarambe aliaminiwa na dawa yake haikufaa. Huyu mama wa fimbo ana dawa inayofaa na haaminiwi. Natamani angepewa muda wa kukaa kwenye baraza lako na kukujibu, badala ya kupewa idadi ya nyumba za kumaliza kabla ya jua kuzama.

Nimefika kwa dada.

Shemeji, mumewe, yuko mpakani, kwenye mto, na tangu kijiji cha Kitaya kishambuliwe Oktoba 2020 sote tunajua mpakani si mahali pa kumsumbua mtu kwa simu za nyumbani. Kwa hiyo dada anaamua peke yake, kama mke wa jirani yangu alivyoamua nusu ya mzigo ule. Binti ana miaka 11. Shule imeleta karatasi yenye tarehe ya chanjo ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi. Dada hakuandika hapana. Ameniambia kwamba siku hiyo mtoto "atakuwa na homa". Nilipomuuliza anaogopa nini alinong'ona, kama vile kuna mtu anamsikia: eti inafunga kizazi. Maneno yaleyale niliyoyasikia hapa Norfolk, kutoka kwa mwanamke asiyewahi kufika kwetu Mikindani.

Mimi nataka mtoto achanjwe, na sifichi. Mama Mkubwa unakumbuka alivyopelekwa hospitali ya saratani ya Ocean Road akiwa hawezi tena kukaa, na saratani hiyo ndiyo inayoongoza kwa wingi miongoni mwa wanawake wa Tanzania. Chanjo ipo nchini tangu 2018, na tangu 2024 ni sindano moja tu, kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Akichelewa na kuvuka umri huo, bure inakwisha.

Lakini sitaki umwamrishe. Unaweza, kwa desturi yetu wewe ndiye mwenye neno juu ya watoto wa dada yako, na dada hatakubishia usoni. Ataitikia "ndiyo Mjomba", na asubuhi mtoto atakuwa na homa. Nenda kwake ukae. Mwambie kwamba kama hataki, aseme hataki, kwa mwalimu na kwa nesi wa zahanati, na aseme kwa nini, na nesi akae naye mpaka swali la mwisho, hata kama ni siku mbili. Muulize nesi mwenyewe kama anaweza kuja nyumbani jioni, baada ya zamu. Nauli ya bodaboda nitaituma mimi. Na umweleze dada habari ya vidonge vya banda la kuku. Akijua hata wewe uliwahi kuogopa dawa, hataona haya kusema lake. Akisikiliza yote kisha akasema bado hataki, basi aandike, na mimi nitabishana naye tena mwezi ujao na mwezi utakaofuata, maana mtoto bado ana miaka mitatu ndani ya umri.

Karatasi ya shule inasema tarehe ni wiki ya tatu ya mwezi. Jumapili nitampigia, usiku kwa saa za huko. Ningeshukuru ukiwa umeshafika kwake kabla ya hapo.

Nisalimie sana mkaza mjomba, na umwambie korosho alizozikaanga zilifika zote na jirani yangu Mkenya ameomba mfuko wake.

Mpwa wako,
Norfolk, Virginia